Kabla ya Kupiga Simu, Fika

Mwishoni mwa mwaka 2012 wadodosaji walizunguka Tanzania Bara wakiwa na mzigo usio wa kawaida kwa watu wa takwimu: simu za mkononi na chaja za sola. Walikwenda katika maeneo 200 ya kuhesabia watu, wakachagua kaya 10 kila eneo, na ndani ya kila kaya wakampata mtu mzima mmoja kwa bahati nasibu. Huyo alihojiwa ana kwa ana, kisha akakabidhiwa simu na chaja yake. Kuanzia hapo mazungumzo yakahamia hewani. Alipigiwa kutoka kituo cha Dar es Salaam, akaulizwa kuhusu maji, dawa za zahanati na walimu wa shule, na baadaye kuhusu Katiba na viongozi. Mradi huo ni Sauti za Wananchi, wa shirika la Twaweza, na mpaka leo sijaona mfano mzuri kuliko huo wa kueleza namna ya kuuliza nchi nzima swali bila kuizunguka nchi nzima kila mara.

Kwa nini kugawa simu, wakati simu zimejaa kila kijiwe? Kwa sababu asiye na simu hafanani na mwenye nayo. Mara nyingi ni maskini zaidi, ni mzee zaidi, amesoma miaka michache zaidi, yuko mbali na barabara, na mara nyingi ni mwanamke. Anachokunywa, anapotibiwa na anavyomwona diwani wake vinatofautiana na vya mwenye simu. Ukiwapigia wenye simu peke yao utapata maoni ya wenye simu, halafu gazeti litayaita maoni ya wananchi. Watafiti wa Benki ya Dunia walikuwa wameshalionja tatizo hilo. Mwaka 2010 walianza kuzihoji kwa simu kaya zipatazo 550 za Dar es Salaam, na mwaka huohuo kaya 1,000 za mijini Sudan Kusini zikapewa simu ili zifikiwe. Sauti za Wananchi ilichukua funzo hilo na kulipeleka mpaka vijijini.

Msimamo wangu katika suala hili ni mmoja, na nitautetea mpaka mwisho wa makala: utafiti wa mbali huaminika pale tu ambapo mtu alianza kwa kufika. Programu, seva na menyu huja baadaye.

Ushahidi wa zamani kuliko wote unatoka Marekani. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi za maoni kwa watu milioni 10 kwa njia ya posta, na zaidi ya milioni 2 zikarudi zimejazwa. Jarida likatangaza kwamba mgombea urais Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt kwa asilimia 57. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi ambamo simu na gari vilikuwa dalili ya kujiweza. Pia wengi hawakurudisha kadi, na waliorudisha walikuwa na hamasa kuliko wenzao. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha na ile, alimtaja mshindi sawasawa. Wingi wa majibu haukulisaidia jarida hata kidogo. Ulilipa ujasiri tu wa kutangaza kosa.

Nasema haya nikifikiria "swali la leo" la runinga zetu, kura za mtandao wa X, na zile namba za kutuma ujumbe redioni. Vipindi hivyo vina kazi yake ya kuchangamsha mjadala. Lakini mtangazaji anaposema "asilimia 80 ya Watanzania" kwa kuwa watu 5,000 wamebonyeza kitufe, anarudia hesabu ya 1936. Na hapa niseme jambo la lugha: ninakwepa maneno "kura ya maoni" kwa makusudi. Tanzania tumeshavipa vyama vinavyoteua wagombea, na Kenya ni jina la zoezi la kuamua Katiba. Ninachozungumzia ni utafiti wa maoni, ambao haupigiwi kura na hauna mshindi.

Tukija kwenye vyombo vyenyewe, kimoja kinastahili kusifiwa mapema. Kishikwambi si chombo cha mbali kwa maana kamili, kwa sababu mdodosaji bado anakaa kwenye mkeka wa mwenyeji, ila majibu yanasafiri yenyewe hadi makao makuu. Sensa ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zilifanywa kwa vishikwambi, na vya Tanzania vikakabidhiwa kwa walimu baada ya kuhesabu watu 61,741,120. Programu kama ODK, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, na KoboToolbox, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Harvard, hufanya kazi hata pasipo mtandao: majibu yanatunzwa ndani ya kifaa mpaka mdodosaji afike penye mawimbi. Faida yake kubwa wala si kasi. Zamani msimamizi alipokea furushi la madodoso bila njia ya kujua kama mdodosaji alizunguka kijiji au alikaa chini ya mwembe akajaza mwenyewe. Sasa kifaa kinaandika saa ya kuanza na kumaliza, na mahali mahojiano yalipofanyika. Mahojiano ya dakika 40 yaliyokwisha kwa dakika 6 yanaonekana jioni ileile.

Mahojiano ya simu yanayofanywa na mtu, kutoka kituo cha kupigia, yanakaribia ubora huo. Anayehoji ana kompyuta mbele yake. Swali linatokea, anasoma kama lilivyoandikwa, anabonyeza jibu, na mashine inachagua swali linalofuata. Msimamizi anaweza kusikiliza bila kuingilia. Kazi ngumu ni kumpata mtu. Mkulima yuko shambani asubuhi, dereva wa bodaboda hawezi kuongea saa za watu kwenda kazini, na mama wa genge anapumua kidogo alasiri. Kituo makini hupiga tena na tena, kwa saa tofauti na siku tofauti, kabla ya kuandika kwamba mtu hakupatikana. Kituo cha haraka hupiga mara moja na kuhamia namba nyingine, na mwisho kinakusanya maoni ya watu waliokuwa wamekaa karibu na simu.

Ujumbe mfupi una bei nafuu kuliko vyote, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu unafuu wake umewavutia wengi. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, zikiwemo nafasi kati ya maneno. Niliandika swali hili ili nione linaingia vipi:

"Wiki iliyopita, je, kuna siku mtu wa nyumbani kwako alilala njaa kwa kukosa chakula? Jibu 1 kwa Ndiyo, 2 kwa Hapana, 3 kwa Sijui. Kujibu ni bure."

Hizo ni herufi 145. Zimebaki 15, ambazo hazitoshi kusema ni nani anayeuliza wala kwa nini. Nikitaka nafasi ya jina la mwulizaji, nikate wapi? Nikiondoa "kwa kukosa chakula", aliyefunga na kulala bila kula daku na aliyelala bila kula kwa sababu ya homa wote watajibu 1. Nikiondoa "je", swali linabaki, ila sentensi inasomeka kama taarifa mpaka mwisho wake. Nikibadilisha "nyumbani kwako" kuwa "kaya yako", nimeokoa herufi chache na kujiletea tatizo jipya. "Kaya" ni neno la ofisi. Mtu wa takwimu anaelewa ni watu wanaokula chungu kimoja. Mmijikenda wa Kilifi au Kwale, kwa haki yake, anaelewa msitu mtakatifu wa wazee wake. "Familia" nayo inamjumuisha kaka aliye Mwanza na shangazi aliye Muscat. Hata "nyumbani kwako" lina lake, maana zipo sehemu ambazo mke aliyeolewa ugenini, akisikia "kwako", hufikiria kwa wazazi wake. Mdodosaji aliyekaa naye, au hata aliyempigia simu, angesikia kusita huko na kueleza. Ujumbe mfupi hausikii kusita. Unapokea 1, 2 au 3.

Tena unahitaji mtu anayesoma, mwenye chaji, na anayeamini kwamba kujibu ni bure kweli.

Sauti iliyorekodiwa inawafikia wasiosoma, lakini ina tabu zake. Mwenye simu ya kitochi anasikiliza "bonyeza moja", anaondoa simu sikioni atafute kitufe, na anapoirudisha swali la pili limeshapita nusu. Pia sauti hiyo inafanana na matangazo ya kampuni za simu, na watu wameshajifunza kuyakata. Menyu ya nyota na reli ina nguvu zaidi kwetu kwa sababu tumeizoea. Mtu anayepiga *150*00# kila siku kutuma pesa hahitaji kufundishwa kuchagua namba. Haidai bando wala simujanja. Udhaifu wake ni kwamba mtandao ukiyumba mazungumzo yanakatika, na anayeambiwa aanze upya mara ya pili huwa anaacha.

Turudi kwenye kumpata mtu. Kuna njia ya kutengeneza namba za simu kwa kompyuta bila orodha yoyote, ukawapigia watakaopokea. Marekani ilienea tangu miaka ya 1970. Kwetu inawezekana, maana muundo wa namba unajulikana, ila nyingi zinazotengenezwa hazina mtu, na aliyewahi kupiga simu Kenya anaujua wimbo huo: mteja hapatikani kwa sasa. Tatizo zito zaidi ni la haki ya kuchaguliwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye laini tatu ana nafasi tatu za kuangukiwa na bahati. Bibi anayeazima simu ya mjukuu hana hata moja. Mtafiti anaweza kurekebisha la kwanza kwa kuuliza "una laini ngapi?" Kwa la pili hana wa kumuuliza.

Na simu ya nyumbani ni ya nani? Mara nyingi inakaa kwa baba. Mama anapoitwa kuongea, simu inawekwa sauti ya nje, watoto wapo, shemeji yupo. Ukimwuliza hapo nani anaamua matumizi ya fedha za nyumbani, utapata jibu linalofaa kusikiwa na waliopo. Vituo vizuri huanza kwa kuuliza kama mtu yuko mahali anapoweza kuzungumza kwa uhuru, na huunda maswali nyeti ili yajibiwe kwa "ndiyo" na "hapana" tu, aliye pembeni asijue kilichoulizwa. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha heshima kwa anayejibu.

Kisha kuna matapeli. Nani asiyeujua ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Miaka ya utapeli huo imewafundisha watu wetu somo moja: namba ngeni inayouliza mambo ya fedha, umri na watu wa nyumbani ni ya kukatwa. Wamejifunza sawasawa, siwalaumu. Lakini maana yake ni kwamba utafiti wa simu unafanyika sasa katika nchi ambazo watu waangalifu hukata na wasio waangalifu hujibu, na sampuli inaegemea hao wa pili bila mtafiti kuona. Aliyewahi kutembelewa nyumbani, akaoneshwa kitambulisho, akaambiwa "tutakupigia kwa namba hii", anapokea.

Wanaotetea namba zao hukimbilia kwenye kosa linalotarajiwa: "utafiti huu una kosa la asilimia 3 juu au chini". Ni kweli kwamba sampuli safi ya bahati nasibu ya watu 1,200 ina kosa la karibu asilimia 2.8, na ya watu 2,000 karibu asilimia 2.2. Kipimo hicho, hata hivyo, kinahesabu bahati peke yake: kwamba ungechota watu wengine, jibu lingetofautiana kiasi gani. Hakihesabu wasio na simu, waliokata, waliosikilizwa na shemeji, wala walioelewa "kaya" kwa namna yao. Kuna dawa ya kusawazisha, inayoitwa kupima uzito: ikiwa wanawake wazee wa vijijini ni wachache katika sampuli kuliko katika sensa, majibu ya waliopatikana yanahesabiwa mara mbili au tatu. Inasaidia, na kila mtafiti makini huitumia. Ila inadhani kwamba bibi mwenye simu anawaza kama bibi asiye nayo, na dhana hiyo ndiyo iliyokuwa shakani tangu mwanzo.

Nchi tajiri zimefika kwenye ukuta huohuo kwa njia nyingine. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilikuwa kikipata majibu kwa asilimia 36 ya namba za sampuli yake mwaka 1997. Mwaka 2018 zilikuwa asilimia 6. Watu wana simu, wanaziangalia, hawapokei. Kampuni nyingi zikahamia intaneti, zikawakusanya watu waliojiandikisha wenyewe ili walipwe kidogo kwa kujaza hojaji. Pew wakawatega hao wa kujiandikisha kwa swali la ajabu: je, una leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia? Miongoni mwa waliojitaja kuwa na umri chini ya miaka 30, asilimia 12 walijibu ndiyo. Hapo ndipo kosa la namna hii linapoacha kuwa hesabu na kuwa madhara. Desemba 2023 utafiti wa watu wa namna hiyo ulidai kwamba kijana mmoja kati ya watano wa Marekani anaamini mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler ni uzushi, na taarifa ikasambaa duniani. Pew waliporudia swali kwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipata asilimia 3. Sasa ongeza akili mnemba inayoweza kujaza hojaji usiku kucha kwa majina ya watu wasiokuwepo, uone mlango ulivyo wazi.

Dawa waliyoipata ni ipi? Hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Uholanzi, mwaka 2007, watafiti wa Tilburg walianzisha jopo la kaya zipatazo 5,000 linaloitwa LISS. Kaya zilichaguliwa kutoka kwenye rejista ya watu, na asiye na kompyuta au intaneti akapewa. Pew nao wanaandikia barua anwani zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na kwa miaka kadhaa asiye na intaneti alipewa kishikwambi na mtandao. Goma, mwaka 2013, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kuuliza kwa simu hali ya chakula katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mugunga III, lilianza kwa kugawa simu kambini. Corona ilipofunga barabara mwaka 2020, tafiti za simu za Uganda zilisimama juu ya namba zilizokusanywa na utafiti wa kaya wa ana kwa ana wa miaka iliyotangulia, na za Kenya zikachanganya namba za namna hiyo na zile za kutengenezwa na kompyuta. Kaya ya Uholanzi, nyumba ya Marekani, hema la Goma, na mtu wa Tanzania Bara mwenye chaja ya sola wote wanasimulia jambo moja: mchague mtu kwanza, umfikie, umpe chombo, ndipo umuulize.

Njia hii ina gharama na ina uchovu wake. Jopo huchakaa. Watu huhama, hufa, hupoteza simu, huichoka sauti ileile. Mwenye kuulizwa kila mara kuhusu dawa za zahanati naye hubadilika. Huanza kuziangalia rafu za zahanati kwa jicho ambalo jirani yake hana. Kwa hiyo jopo linahitaji kuundwa upya kila baada ya miaka michache, kama Twaweza walivyofanya, na kazi ya kutembea huanza tena. Wafadhili hawapendi kusikia hivyo. Wanapenda kusikia kwamba simu imefuta nauli.

Likabaki suala la woga, ambalo halina programu ya kulitatua. Julai 2018 Twaweza walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Siku chache baadaye Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliwaandikia ikidai utafiti haukuwa na kibali na kutaka maelezo kwa nini wasichukuliwe hatua. Mwezi huohuo pasi ya kusafiria ya mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, ilizuiliwa. Septemba Bunge likarekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015 na kufanya kuwa kosa kusambaza takwimu za kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa kwa marekebisho mengine.

Wapo waliosema wakati ule kwamba asilimia 96 ya mwanzo ilikuwa ya woga. Mimi nina mashaka na maelezo hayo, na sababu iko ndani ya namba zenyewe: watu walewale wa simu ndio waliozishusha hadi 55 katika kipindi ambacho kusema kulizidi kuwa kugumu, siyo kuwa rahisi. Jopo liliwasikia. Lakini sikatai kwamba baada ya Julai ile kila mtu aliyepigiwa alikuwa na sababu mpya ya kupima maneno. Halafu ikaja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, ambayo tarehe ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020. Usajili huo ulikuwa na sababu zake, wakiwemo matapeli niliowataja. Ila kuanzia hapo namba ya simu ni mtu, kwa jina na kidole. Mtafiti anaposema "majibu yako ni siri", anayesikia anajua kwamba siri hiyo inategemea uaminifu wa mtafiti peke yake.

Zipo mbinu za kumlinda. Mojawapo ni ya orodha: nusu ya wahojiwa wanasomewa mambo manne, nusu nyingine wanasomewa hayohayo na la tano lililo nyeti, na kila mmoja anaulizwa ni mangapi anakubaliana nayo, si yapi. Tofauti ya wastani wa makundi mawili inatoa ukubwa wa lile nyeti bila mtu yeyote kulitamka. Inafaa kwa simu vizuri sana, hata ikiwa kwenye sauti ya nje. Na ipo sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kutenganisha namba ya mhojiwa na majibu yake mapema iwezekanavyo kungekuwa mwanzo wa kutii sheria hizo kwa vitendo.

Kuhusu uchaguzi nitasema kwa ufupi, ingawa ndio unaopendwa na magazeti. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2022, kampuni kubwa za utafiti Kenya, zikiwemo Ipsos, Infotrak na Tifa, zilimweka Raila Odinga mbele. William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Wengine wakahitimisha kwamba tafiti za maoni ni uongo. Mimi naona ni hitimisho la haraka. Katika mashindano yaliyoamuliwa kwa pengo la chini ya asilimia 2, kukosea kidogo tu nani atajitokeza kituoni, au wasioamua wataelekea wapi, kunatosha kugeuza jina la anayeongoza. Utafiti wa uchaguzi unapimwa kwa mtihani mgumu kuliko wote, siku moja, mbele ya nchi nzima. Utafiti wa dawa za zahanati hauna siku hiyo, na makosa yake yanaweza kukaa miaka bila mtu kuyajua. Huo ndio unaonitia hofu zaidi.

Kenya, kwa sifa yake, ilitunga mwaka 2012 sheria ya uchapishaji wa tafiti za maoni ya uchaguzi, inayodai anayechapisha ataje nani aliagiza na kulipia, watu wangapi walihojiwa, na kwa njia gani. Sharti hilo halihitaji kungoja uchaguzi wala kungoja sheria. Mhariri anaweza kulianza leo mezani kwake, na kwa tafiti zote.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa magazeti, redio na runinga zetu: kila mnapochapa asilimia, chapeni chini yake mstari mmoja kwa Kiswahili cha kawaida. Kwa mfano: "Walihojiwa kwa simu watu 1,500 waliochaguliwa kwa bahati nasibu na kutembelewa nyumbani mwaka uliopita, wengine 500 wa orodha hiyo hawakupatikana, wasio na simu walipewa." Au: "Walijibu kwenye mtandao watu 5,000 waliopenda kujibu." Msomaji atajua mwenyewe ipi aiamini kwa kiasi gani. Na mtafiti asiyeweza kuwapa maneno ya kujaza mstari huo, asilimia zake zisichapwe.